Kiti cha Nje ya Dirisha

Asubuhi ile Nyamoita alipovaa tena sketi ya shule, mama mkwe wake Bathsheba aliacha kuchambua mboga, akamtazama kuanzia soksi hadi kola, kisha akacheka mpaka chinsaga zikamwagika kutoka mapajani.

"Mwanamke mwenye mtoto na soksi nyeupe! Haya nenda, Mama Valentine. Jioni utuimbie nyimbo za gwaride."

Nyamoita aliziokota zile mboga, akazirudisha kwenye ungo, akambusu mtoto wake, akatoka. Sketi ilimkaa vizuri. Fundi wa Mosocho aliyeishona, alipojua ni ya nani, alimwachia pindo pana kwa ndani bila kuombwa, akasema, "Masomo yakikunenepesha, njoo niiachilie." Neno dogo tu, lakini Nyamoita alitembea nalo hadi shuleni.

Alikuwa anataka kitu kimoja, nacho ni udaktari wa meno. Si kwa ajili ya koti jeupe. Mama yake, kule kwao Nyamira, alikufa kwa jino. Aling'olewa na mtu wa sokoni mwenye koleo, taya likavimba, uvimbe ukashuka shingoni, pumzi ikakosa njia. Waombolezaji walisema karogwa. Nyamoita, ambaye ndiye aliyeshika beseni, alijua ni jino. Alikuwa msichana mdogo wakati huo, na tangu siku hiyo hakuwahi kubadilisha jibu akiulizwa atakuwa nani.

Lakini mtihani wa kidato cha nne ulimpa B, na kwa B mtu hasomei udaktari wa meno. Akaolewa na Mose, akamzaa Valentine. Mose alikuwa Nairobi akichomelea milango ya chuma, na Nyamoita alipomwambia kwa simu kwamba anataka kurudia mtihani, alisema, "Rudia. Sitaki tuzeeke ukinitazama kama niliyekuzibia njia." Kwa Mose, asiyependa maneno, hiyo ilikuwa hotuba.

Shule iliyokubali kumpokea mama mwenye mtoto ilikuwa moja tu, shule ya kutwa ya wasichana isiyo mbali na nyumbani. Na mwalimu wa kemia katika shule hiyo alikuwa mmoja tu, Mwalimu Makori, baba yake Mose.

Hapo ndipo penye mambo. Kwa Abagusii kuna heshima inayoitwa chinsoni, na uzito wake mkubwa uko kati ya baba na mke wa mwanawe. Hawashikani mikono. Hawakai pamoja katika chumba kimoja kidogo. Mke wa mwana hali chakula mbele ya baba mkwe, hapanui kinywa kucheka mbele yake, na wakikutana kwenye kijia chembamba mmoja huingia kwenye majani ya chai ili mwenzake apite. Nyamoita alilelewa hivyo. Kwa hiyo kipindi cha kwanza cha kemia, Mwalimu Makori alipoingia darasani na chaki yake, Nyamoita aliinuka kabla hajaambiwa lolote, akachukua kiti chake, akatoka nacho nje, akakaa chini ya dirisha. Alifanya hivyo kwa adabu. Alidhani mzee atamwita mkuu wa shule, wazungumze, itafutwe njia.

Mwalimu Makori alitazama nafasi iliyoachwa, akapangusa ubao, akasema, "Tuendelee."

Ikawa hivyo mwaka mzima. Mwalimu mkuu, Madam Nyanchama, alijaribu kusema jambo katika chumba cha walimu, lakini mzee alitamka neno moja, chinsoni, na walimu wote wakaangalia vikombe vyao. Nani angebishana na mila? Madam akaishia kumletea Nyamoita meza ndogo ya ofisini kwake, akaiweka chini ya upenu kwa mikono yake mwenyewe.

Dirisha lile halikuwa na kioo, kwa hiyo sauti ilifika. Ubao haukuonekana wote. Mwalimu Makori alikuwa na tabia ya kuandika milinganyo pembeni kabisa, upande ambao mtu wa nje haoni, na kadiri wiki zilivyopita alizidi kuandika upande huo. Mvua za alasiri zilipokuja, upepo ulizisukumia chini ya upenu na kumlowesha Nyamoita hadi daftari.

"Mama Vale, leo umekaa VIP," msichana mmoja aitwaye Lavender alimpigia kelele, na darasa likacheka. "Ukiona ng'ombe wameingia kwa ndizi utuambie!"

Aliyeketi karibu na dirisha alikuwa Farhiya, binti wa Jibril mwenye duka la vitambaa Kisii mjini. Huyo hakucheka. Alisogeza dawati lake mpaka likagusa ukuta, akawa anaandika daftari lake akiliinamisha kwenye kizingiti ili Nyamoita asome. Siku moja, baada ya mvua kubwa, alikuja na koti la mvua la njano, kubwa mno.

"La kaka yangu Gulled," alisema. "Amenenepa, halimtoshi."

"Farhiya, hili ni jipya."

"Basi amenenepa haraka."

Shida kubwa ilikuwa maabara. Ilikuwa na mlango mmoja na madirisha ya juu yaliyopakwa rangi, na wengine walipoingia kufanya majaribio Nyamoita alibaki uani akisikiliza glasi zikigongana. Karatasi ya mwisho ya kemia hufanywa kwa mikono. Mtu anafyonza dawa kwa pipeti, mrija wa kioo, hadi alama, anaiachia kwenye chupa, anaipima asidi tone kwa tone mpaka rangi ya waridi ipotee. Nyamoita aliyajua hayo yote kwa maneno, kama mtu anayejua kuogelea kwa kusimuliwa. Shule yake ya zamani walikuwa wakigawana pipeti moja darasa zima, na zamu yake haikufika hadi siku ya mtihani wenyewe, akabahatisha tu.

Farhiya akakata bua la jani la mpapai, akalitia kwenye kikombe cha maji, na nyuma ya uzio wakafanya mazoezi wakati wa chakula.

"Vuta polepole. Ulimi uwe tayari. Ikifika, funga kwa kidole. Kidole, dada! Si kidole gumba, cha shahada."

"Nimeyameza."

"Haya ya mpapai meza tu. Ile nyingine itakuchoma."

Nyumbani, Bathsheba hakuchoka. Akimwona Nyamoita anasoma huku ugali ukiiva, angesema, "Eti daktari wa meno! Mgonjwa atapanua kinywa, na wewe je? Wewe ambaye huwezi kupanua chako mbele ya mzee wangu?" Nyamoita alisonga ugali, akapakua, akala jikoni kama kawaida.

Mwezi wa kumi alifika Jacinta kumsalimu mama yake mgonjwa huko Mosocho, akapitia bomani kwa Makori. Jacinta aliolewa na mtoto wa ndugu yake Makori, na alikuwa muuguzi Nyamira. Alimkuta Nyamoita akichuma chai, akachukua kapu, akaanza kuchuma naye bila kuulizwa. Waliongea mambo ya watoto, kisha ya shule, na Nyamoita akamweleza kuhusu kiti cha nje.

Mikono ya Jacinta ilisimama.

"Nje? Huyu huyu Mwalimu Makori?"

"Si ni baba mkwe wangu."

"Na mimi je? Si ni baba mkwe wangu vilevile? Mume wangu akimwita baba mdogo, mimi nimwite nani?" Jacinta alishusha sauti. "Alinifundisha kemia nikiwa tayari nimeolewa, Nyamoita. Ndani ya darasa. Ndani ya maabara. Mimi nilikaa nyuma, yeye akawa hanitazami, basi. Alikuwa akisema shuleni hakuna mkwe, kuna mwanafunzi."

Nyamoita aliendelea kuchuma. Jacinta aliona anachuma majani makavu.

Jioni hiyo Nyamoita alimngoja mzee kwenye lango la boma, akasimama upande wa pili wa ua, macho chini, kama inavyotakiwa.

"Mwalimu," alisema, "Jacinta ulimfundisha ndani."

Mzee hakushtuka. Alihamisha mkoba kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

"Nilimfundisha."

"Kwa nini basi mimi..."

"Wewe ulitoka mwenyewe. Nilikufukuza?"

"Ungeniambia nirudi."

"Jacinta si mke wa mwanangu," alisema Mwalimu Makori, taratibu, kama anayerudia somo kwa mtoto mzito. "Akisoma akamdharau mumewe, atalia ndugu yangu. Mose anachomelea milango. Wewe unataka uje uitwe daktari katika boma langu, mwanangu akubebee mkoba? Kaa ulipokaa. Panakufaa."

Akapita. Ni Nyamoita aliyeingia kwenye majani ya chai kumpisha, miguu ilifanya hivyo yenyewe, na jambo hilo lilimuuma kuliko maneno.

Siku ya maabara iliyofuata, alibeba kiti chake akaingia ndani. Farhiya alimsogezea nafasi. Mwalimu Makori alipomwona, alifunga kabati la dawa, akatia ufunguo mfukoni.

"Mila yangu hainiruhusu," aliliambia darasa kwa upole. "Huyu akiwa ndani, mimi siwezi kuwa ndani. Hakuna majaribio mpaka mtihani. Mshukuruni mwenzenu."

Wasichana walimgeukia kama siafu.

"Mama Vale, aki wewe ni kisirani!" Lavender alilia machozi ya kweli. "Ulishindwa mara ya kwanza, sasa unataka tushindwe na wewe?"

"Rudi kwa mume wako!"

Nyamoita alibeba kiti akatoka. Kabati halikufunguliwa siku hiyo. Wiki iliyofuata lilifunguliwa, yeye akiwa uani, na hakujaribu tena.

Mtihani ulipofika, karatasi nyingine alizifanya vizuri, na alijua. Katika biolojia alicheka peke yake, swali la meno lilikuwepo. Ikabaki ile ya maabara. Msimamizi alikuwa mgeni, mtu wa pwani aliyetumwa na serikali, asiyejua nani ni mkwe wa nani. Mwalimu Makori, kwa kuwa ndiye aliyetayarisha dawa, aliruhusiwa kubaki kwenye chumba kidogo cha nyuma endapo kitu kitapungua.

Nyamoita alishika pipeti. Ilikuwa baridi na nzito kuliko bua la mpapai. Alivuta polepole, ulimi tayari, ikafika alama, akafunga kwa kidole cha shahada. Akaachia. Akapima tone kwa tone, na waridi likapotea kwa tone moja, safi. Mikono yake ilijua! Akaandika. Ilibaki kurudia ili vipimo vilingane.

Alipoinamia mara ya pili, midomo ikiwa kwenye glasi, mlango wa chumba cha nyuma ulifunguka. Mwalimu Makori alitoka, hakuna aliyemwita, akaja akasimama mbele ya meza yake. Mtu ambaye mwaka mzima hakuweza kukaa naye chumba kimoja alisimama pale, akakitazama kinywa chake.

Damu na malezi yote ya Nyamoita yalimwambia afunge kinywa. Alivuta pumzi, dawa ikajaa mdomoni, ikateleza kama sabuni na kuchoma kama pilipili. Alitema kwenye sinki. Kiwiko kilikigonga kichupa chenye dawa iliyobaki, ikamwagika.

"Naomba dawa nyingine," alisema, midomo ikimwaka.

Chupa kubwa ilikuwa mkononi mwa mzee. Alimgeukia msimamizi. "Mwambie siwezi kumpa kitu mkononi. Ni desturi yetu."

"Desturi gani, mzee, huu ni mtihani!" Msimamizi aliinyakua chupa, akamimina mwenyewe, na akamletea Nyamoita kikombe cha maji asukutue. "Pole, binti. Endelea." Lakini sasa alidondosha asidi haraka mno, na waridi lilipotea kabla hajaliona likienda, na vipimo havikulingana tena mpaka kengele ikalia.

Matokeo yalitoka Januari. Mzee ndiye aliyeyapata kwanza, akayasoma sebuleni mbele ya wageni wa kanisani waliokuja baada ya ibada ya Sabato. Nyamoita aliyasikia akiwa jikoni. Biolojia A. Kiswahili A. Hisabati A-. Kemia B-.

"Si haba," mzee alisema. "Kwa udaktari wa meno haitoshi, lakini nasari atafundisha."

"Tulimwambia," alisema Bathsheba. "Lakini soksi nyeupe zilimdanganya."

Wageni walicheka kidogo, wakaaga, kwa kuwa mvua ilikuwa inakusanyika. Bathsheba alipakua ugali na matumbo, akaweka sahani ya mzee mezani.

Nyamoita alijipakulia yake. Hakukaa jikoni. Aliibeba sahani akaingia sebuleni, akavuta kiti, akakaa mezani mkabala na baba mkwe wake. Alimega tonge, akaipanua midomo ambayo alama ya ile dawa ilikuwa bado haijaisha pembeni, akala. Alimtazama usoni akitafuna.

"Wewe!" Bathsheba alishika kichwa. "Toka! Umerukwa na akili?"

Nyamoita alimega tonge lingine.

Mzee alimtazama mkewe, akaitazama sahani yake. Kuna mila mtu anaweza kuikunja anavyotaka, lakini hii alikuwa ameitumia mbele ya watu wengi mno. Aliinuka. Alitoka kwenye nyumba yake mwenyewe, akasimama chini ya upenu. Mvua ikaja na upepo wake, ikapiga chini ya upenu kama kule shuleni.

"Nitarudia tena," Nyamoita alisema, kwa sauti iliyofika nje. "Na mwaka huu kiti changu kiko ndani. Asiyeweza kukaa, atatoka yeye."

Bathsheba alikaa kwenye mkeka. Valentine, aliyekuwa akicheza mlangoni, alimwona babu yake analowa. Akaenda kwenye msumari, akalivuta koti la njano, akaliburuta sakafuni hadi nje.

Nyamoita aliliona koti likipita. Hakumtuma mtoto, wala hakumkataza. Alisogeza sahani, akaendelea kula polepole, mpaka ugali ukaisha.