Visahani Vyeusi

Ukuta wa maabara yetu una ukungu. Uko nyuma ya sinki, mweusi, umepanda mpaka kwenye dari. Kila mwaka wanapaka rangi juu yake na kila mwaka unarudi. Mimi niliacha kulalamika mwaka wa kumi. Huu ni wa ishirini na mbili, na nimechoka mpaka uchovu wenyewe umenizoea.

Kwa sababu ya ukuta huo tuna desturi yetu ambayo haimo kwenye kitabu chochote. Nyama ya kidonda ikiletwa, tunaipanda kwenye kisahani chenye chakula cha vijidudu, tunakiweka kabatini, tunasubiri. Kikiota kitu cheupe au cha manjano, tunakichunguza. Kikiota cheusi, hatujisumbui: ni ukungu wa ukutani umedondokea humo. Kisahani kinaingia kwenye ndoo ya klorini, na kwenye rejista naandika neno moja tu, Uchafu. Aliyenitangulia alinifundisha hivyo, nami nimewafundisha wengine bila hata kupepesa macho.

Mjomba wangu ni seremala. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na dawati nililosomea alilipiga randa mwenyewe. Miaka tisa iliyopita kibanzi cha mbao kilimchoma juu ya mguu. Akakitoa kwa koleo, akaendelea na kazi. Pakaota kinundu, na kinundu kikaita wenzake. Mwaka huu mguu ulikuwa umejaa vinundu vigumu kutoka vidoleni hadi katikati ya muundi, vimepasuka, vina vidoadoa vyeusi, na vinanuka. Tumejaribu dawa za kupaka, za kumeza, na moja ya kufukiza ambayo sitaki hata kuizungumzia.

Akalazwa hapa kwetu. Daktari wa upasuaji akamkata kipande cha nyama, nikakipanda kwa mikono yangu. Siku ya kumi kisahani kikawa cheusi. Nikakitupa. Akakatwa kipande kingine, nikapanda tena, kikawa cheusi tena. Niliutukana ukuta, nikatupa. Mara ya tatu ikawa vilevile, ila wiki hiyo klorini ilikuwa imeisha. Nilikiacha kisahani juu ya rafu nikaenda zangu nyumbani, maana hata kukasirika kulikuwa kumenishinda.

Wiki mbili baadaye, siku ya Ijumaa, daktari alinisimamisha koridoni.

"Dada, maabara yako hainipi kitu. Mguu wa mzee unaharibika. Jumatatu naukata, chini ya goti."

"Ameshaambiwa?"

"Ameambiwa. Kaniuliza kama anaweza kujichongea mwenyewe wa mti."

Huyo ndiye mjomba. Mimi sikucheka. Nilirudi maabara nikiburuza ndala, kwa kuwa viatu vyangu vya kazi vilikuwa kwa fundi viatu wa getini. Fundi huyo ana mguu mmoja, wa kushoto aliupoteza miaka sita iliyopita, na yeye humtania kila mteja vilevile: "Acha vyote viwili bila wasiwasi. Mimi nikiiba, kimoja kitanidai maelezo."

Klorini ilikuwa imefika. Nikaanza kusafisha rafu, nikakishika kile kisahani, na kwa mara ya kwanza nikakitazama kutoka juu, kama mtu anavyotazama sahani ya chakula. Palikuwa na madoa manne meusi, laini kama mahameli. Manne tu. Na mimi nilikuwa nimepanda vipande vinne vya nyama, kimoja kila upande, kama kawaida yangu.

Nilikaa chini. Uchafu unapodondoka hauchagui mahali. Hiki kilikuwa kimeota pale pale nilipopanda, na kwingine kote hapakuwa na kitu.

Nilipanda wodini na kisu kidogo. Sikumweleza mjomba kitu, nilimwamkia tu nikakwangua doa moja jeusi mguuni. Nikalilainisha kwa dawa, nikaliweka chini ya darubini. Vilikuwepo: vijiduara vya kahawia, vyenye ganda nene, kila kimoja kimegawanywa kwa mstari kama punje ya kunde. Picha yake imo kwenye kitabu kilichokuwa kikishikilia mlango wetu usijifunge. Ni kuvu weusi. Wanaishi kwenye udongo na kwenye mbao zinazooza, wanaingia mwilini kwa mwiba au kibanzi, na wanakula polepole, miaka na miaka. Dawa yao ni vidonge.

Daktari aliinama kwenye darubini kwa muda mrefu.

"Kwa nini umenificha hiki?"

"Sikukuficha. Nilikitupa. Mara mbili."

Aliniangalia, nadhani naye alikuwa amechoka. Alikwenda kwenye ubao wa upasuaji, akafuta mstari wa Jumatatu kwa kiganja. "Vidonge mwaka mzima, labda zaidi," alisema akipangusa mkono kwenye koti. "Lakini mguu unabaki."

Ilibaki kumwambia mwenyewe. Mjomba alikuwa ameketi kitandani anachora kitu nyuma ya karatasi ya dawa. Ulikuwa ni mguu wa mti, na vipimo vyake.

"Hutauhitaji, mjomba. Wako hautakatwa."

Alinisikiliza mpaka mwisho, kibanzi na kuvu na vidonge. Kisha akaupapasa muundi wake. "Kumbe miaka yote hii nakula mbao, nazo zinanila."

"Kuna jambo jingine. Majibu yalikuwa mikononi mwangu tangu mwanzo. Nilidhani ni uchafu, nikatupa. Kisha nikatupa tena." Nikaona aibu, mtu mzima mimi, nalia mbele ya wagonjwa.

"Mwanangu, mimi nimeshapima mbao vibaya mara ngapi? Umeliona kosa kabla ya msumeno, basi." Alinipa kona ya shuka nijifute. Mjomba huwa hamalizi kazi bila kuigeuza aikague na upande wa chini. "Hivyo vyeusi, huwa mnavitupa vyote?"

"Vyote."

"Toka lini?"

"Toka nilipoanza."

"Na wengine je?" aliuliza, kwa upole kabisa.

Nilishuka maabara, nikazitoa rejista za zamani kabatini, nikaanza na za karibuni nikirudi nyuma. Neno lile lilikuwa kila baada ya kurasa chache, kwa mwandiko wangu, safi, halijafutwa wala kurekebishwa. Wakulima wengi, mkata kuni, mtunza bustani. Nilipofika kwenye rejista ya miaka sita iliyopita nilikuta jina nisilolijua. Kwenye safu ya kazi imeandikwa fundi viatu. Kwenye safu ya kidonda, mguu wa kushoto, wa muda mrefu. Kwenye safu ya majibu, Uchafu.

Nilifunga rejista, kisha nikaifungua tena nikaibeba kwapani. Saa ya kutoka ilikuwa imefika. Njia ya kutokea ni ya getini tu, na viatu vyangu bado viko kwa fundi.