Bangili Iliyowakataa Maharusi

Sonara alikuwa akifuta kioo cha meza yake pale Shangazi alipoingia na kaka yake, bangili ya familia ikiwa imefungwa ndani ya kitambaa cha mahameli. Kaka mtu aliitwa Mheshimiwa, ingawa hakuwahi kushika cheo chochote. Jina alijipa mwenyewe, na ndugu wakaona ni nafuu kulitumia kuliko kubishana naye. Harusi ya binti yake ilikuwa imekaribia. Wakwe watarajiwa walikuwa watu wa kuulizauliza, kwa hiyo familia ilitaka mtaalamu aitambue bangili na kuwaambia ni ya enzi gani na imetoka mikono ya nani.

"Ilikuwa ya bibi yake baba yetu," alisema Shangazi. "Msichana wa kazi mmoja akataka kuiiba, wakamfukuza. Kila harusi tunakisimulia hicho kisa."

Kuna jambo hakulisema. Hakuna mwanamke wa ukoo ule aliyewahi kuivaa bangili hiyo, maana iliwakwama wote kwenye kidole gumba. Maharusi waliishia kuishika tu kiganjani, kama abiria aliyeshika tiketi, na ukoo ukajisifu kwamba wanawake wake wana mifupa ya kitajiri.

Sonara aliweka lenzi jichoni. Ilikuwa fedha, ya zamani, kazi ya fundi wa kawaida. Upande mmoja ulikuwa na vishimo vidogo vilivyojipanga.

"Huo ni mhuri wa fundi mkuu," Mheshimiwa alimfahamisha.

Sonara aliichovya bangili kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, akaanza kuisugua kwa brashi laini. Uchafu wa ndani ulipoanza kutoka, vilitokeza vidole, kisha kiganja, kisha kifundo cha mkono kilichoijaza bangili sawasawa. Sonara aliendelea kusugua, kwani hakupenda kuacha kazi nusu. Mwishowe msichana mwenye aproni iliyolowa alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, akijipangusa povu kiwikoni. Sonara akampa taulo.

"Hivyo vishimo ni alama za meno ya mdogo wangu," alisema msichana. "Alikuwa anaota meno, anatafuna kila kitu. Mama alinivisha hii siku niliyokwenda kuanza kazi kwa hawa."

Sonara akaangalia tena. "Kweli, ni meno ya mtoto. Bangili ni ya huyu."

Shangazi alimtazama msichana jinsi mtu anavyotazama bomba linalovuja. "Kumbe ndiwe wewe."

"Ndimi, mama. Bangili kaeni nayo, sina haja nayo. Lakini mlinifukuza mbele ya watu, nikaitwa mwizi mpaka kwetu, na mama yangu amekufa bila kuinua uso sokoni. Semeni tu kwamba sikuiba. Semeni hapo harusini, mbele ya watu vilevile."

Mheshimiwa alikuna kidevu. "Ingekuwa bangili, tungezungumza," alisema. "Hilo la kusema ndilo gumu. Hotuba imeshaandaliwa."

"Wewe sema tu ni ya zamani," Shangazi alimwambia sonara.

Sonara, ambaye ndiye aliyepewa kazi ya kutengeneza pete za harusi hiyo, alisema ni ya zamani sana. Kisha akapata shughuli ya ghafla kwenye droo.

Bangili haikuvulika tena, hivyo ikabidi waondoke nayo pamoja na msichana. Siku ya harusi aliwekwa karibu na bi harusi, aproni yake imepigwa pasi, ili wageni waione bangili kwa ukaribu. Wakwe waliisifu. Shangazi alishika kipaza sauti akasimulia jinsi msichana wa kazi asiye na shukrani alivyoikwapua na jinsi familia ilivyoiokoa, huku akiuinua juu mkono wa msichana ili fedha ing'ae vizuri kwenye taa. Watu wakapiga makofi. Hao ndio waliojiita watu wa heshima, na aibu ilikuwa haijui hata nyumba yao iko mtaa gani.

Makofi yalipotulia, mama mkwe aliinamia upande wa Shangazi. "Na huyo mwizi, mlimfanya nini?"

"Tulimsamehe," alisema Shangazi. Akauachia mkono wa msichana, akamwonyesha glasi chafu zilizojaa mezani.