Mfungo wa Marashi

Watu wa mtaa ule walikuwa na ndimi za pilipili, na ndio waliompa jina la Marashi. Kazi yake ilikuwa kutapisha vyoo. Choo chako kikijaa ulituma mtu akamwite, wewe mwenyewe ukajifungia ndani, maana ukionekana unazungumza na Marashi mlangoni majirani walijua papo hapo kwamba nyumba imeelemewa. Alikuja na mwenzake, jamaa aliyeitwa Kimya kwa sababu hakuwahi kunyamaza tangu azaliwe. Walikuja na ndoo, kamba, koleo na mafuta ya taa ya kutuliza harufu. Wakimaliza wanaondoka, na kesho yake ukipishana naye njiani ulikuwa humfahamu kabisa, kana kwamba aliyoyabeba hayakutoka kwako.

Yeye hayo hayakumkondesha. Alikuwa mtu wa kanisa, tena wa kanisa kwelikweli, na aliamini kazi yake ni utume kama utume mwingine.

"Mungu ana wahubiri," alikuwa akimwambia Kimya, "ana waimbaji, ana wapiga vinanda. Na wote hao wanakwenda chooni. Wewe unadhani hakupanga mtu wa upande huo?"

"Kupanga alipanga," Kimya alijibu. "Ila angetupangia na sabuni."

Marashi alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, muuguzi, msichana aliyetulia kama maji ya mtungini. Binti huyo akachumbiwa na kijana wa Mwenyekiti. Mwenyekiti ni yule mzee wa kanisa aliyeshika kamati ya ujenzi, mwuza vigae, mtu ambaye hata salamu aliitoa kama anayekata utepe. Kijana alimpenda binti, binti alimpenda kijana, na Mwenyekiti hakuwa na neno, isipokuwa moja. Neno lenyewe alimtwika mwali alifikishe.

"Baba, Mwenyekiti anaomba kitu," binti alisema jioni moja, macho mkekani. "Sijui nikisemeje."

"Kiseme kama kilivyo, sukari tutatia baadaye."

"Anaomba usishike kazi mpaka harusi ipite. Anasema ile harufu inakaa mwilini."

Mkewe, aliyekuwa akikunja nguo, akaacha kukunja.

"Lakini na mimi nimewapa langu," binti akaendelea, sasa ameinua uso. "Nimewaambia atakayenishika mkono kunipeleka mbele ni baba yangu. Si baba mdogo, si mjomba. Wewe, Baba."

Kwa neno hilo angeambiwa asile angefunga mdomo. Akafunga kazi. Kwa majuma kadhaa hakugusa ndoo wala kamba. Mkewe alimsugua kwa ndimu asubuhi na jioni, mgongo, kwapa na katikati ya vidole, mpaka ngozi ikawa inawasha. Kimya alikuja kumtazama akacheka machozi yakamtoka.

"Sasa ndugu yangu, ukipita watu wanatafuta chumvi na nyanya."

Usiku, kabla ya kulala, baba na mama walijifunza kutembea. Mkewe alijifanya bibi harusi, kanga kichwani, wakatoka mlango wa chumbani mpaka kwenye kabati la vyombo, wakarudi.

"Polepole, Baba Mwali," mkewe alimwambia. "Hukubeba ndoo hapo. Umebeba mtoto wa watu."

"Mtoto wangu."

"Basi tembea kama ni wako."

Kulikuwa na jambo moja ambalo Mwenyekiti hakulipigia hesabu. Kila mwaka, kabla ya msimu wa mikutano na harusi, Marashi na Kimya walitapisha choo cha kanisa. Mwaka ule Kimya alipokwenda kuulizia, Mwenyekiti alimkatiza getini. "Subirini harusi ipite. Sitaki mkwe wangu aonekane humu na ndoo, waalikwa wakaja kumkumbuka." Kimya akarudi na kamba yake begani. Sawa, binadamu husubiri, lakini shimo halina adabu hiyo. Wageni wakaanza kuwasili, kwaya zikaja kufanya mazoezi, kamati zikakutana, kila kamati na chai yake.

Asubuhi ya harusi Mwenyekiti alifika kwa Marashi kwa miguu yake mwenyewe. Hakuwahi kufika pale hata siku moja. Alisimama nje ya kizingiti, viatu vyake vyeupe vimeng'ata mchanga kwa ncha tu.

"Mkwe, kuna neno."

"Karibu ndani, Mwenyekiti."

"Hapa hapa panatosha." Akameza mate. "Choo cha kanisa kimefumuka. Kinatoka nje, kinatambaa kuelekea turubai la chakula. Gari la kunyonya limekuja, limeshindwa kupenya kichochoro, na bomba lake halifiki. Huyu mwenzako anasema peke yake hawezi. Mmoja ashuke, mmoja avute."

"Kweli. Haiwezekani peke yake."

"Basi ndiyo hivyo."

Marashi alimtazama. "Mwenyekiti, si ndiye wewe uliyenifungisha?"

"Mfungo hufunguliwa, mkwe wangu. Kwani huoni mkono wa Mungu hapa? Mungu huwatumia watu wa chini. Leo amekuchagua wewe."

"Na mkono wa binti yangu nitaushika saa ngapi?"

"Utaoga kwangu. Nitaleta gari likuchukue, maji ya moto yapo, sabuni za kila rangi zipo. Utatoka hapo unang'aa kama kigae."

"Na binti mwambie kwamba ni wewe uliyeniita. Nilimwahidi."

"Hilo niachie mimi."

Mwenyekiti alipoondoka, mke wa Marashi alisema neno moja: "Usiende."

"Mama Mwali."

"Usiende, nakwambia. Wachafuke. Walikataa ndoo, wanywe."

Kwa macho ya moyo Marashi aliliona gauni la binti yake likiburuzwa juu ya yale yanayotambaa. Akawasikia na waalikwa: mwali amekuja na mahari ya baba yake. Maana lawama ikikosa mwenyewe huangukia maskini, na pale maskini alikuwa anajulikana kwa jina. Akachukua koleo.

Walichimba shimo jipya kando ya ukuta, upande wa nyuma, wakamwaga mafuta ya taa katika lile la zamani, wakavunja ukingo wa zege. Marashi akashuka. Kimya alivuta ndoo, akabeba, akamwaga, akarudisha, mdomo haujapumzika. Vilitoka vitambaa, chupa, kiatu cha mtoto, kitabu cha nyimbo kilichovimba kama andazi.

"Humu kuna sadaka nyingi kuliko kwenye kapu," Kimya alisema.

"Vuta, wewe."

"Navuta. Nasema tu, ungekuwa mhasibu ungetajirika."

Chini, yamemfika kiunoni, Marashi alisikia kwaya ikijaribu wimbo wa kumpokea bibi harusi. Walikuwa wakikosea mahali pamoja, wanarudia. Akaanza kuimba nao kwa sauti ya chini. Usicheke. Alikuwa na furaha. Alijiambia: leo hii kila mtu mle ndani ataimba kwa sababu mimi niko humu. Akamshukuru Mungu aliyemwona, akajaza ndoo nyingine.

Walimaliza jua bado liko juu sana, pakafukiwa, pakamwagiwa majivu. Marashi akakaa kwenye tofali kusubiri gari la Mwenyekiti. Gari moja likaja, likashusha maua. La pili likashusha keki. La tatu likashusha spika.

"Lako hilo labda linanyolewa," Kimya alisema, safari hii bila kucheka.

Akaoga kwenye bomba la nyuma ya kanisa, kwa ndoo na zile ndimu, mkewe, aliyemfuata na suti, akimsugua kwa hasira, kama anayesugua sufuria lililoungua. Suti aliivalia nyuma ya mgomba wa mapambo. Mkewe akamnusa shingoni, akamnusa mikononi, akanusa tena.

"Huna kitu," alisema. "Naapa. Unanuka ndimu tu."

Alizunguka kwenda mlango mkubwa. Msafara ulikuwa umeshajipanga. Binti yake alikuwa pale, mweupe, mzuri, mkono wake umeshikwa na baba mdogo, aliyevaa glavu na tabasamu la kuazima. Mwenyekiti alisimama ngazini.

Binti alimwona baba yake. Macho yakamjaa.

"Baba," alisema kwa sauti ndogo. "Si tulikubaliana?"

Marashi alimgeukia Mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa anasoma simu yake, anaisoma kwa bidii ya mtu anayefanya mtihani.

Hapo ndipo Marashi alipoelewa. Binti ameambiwa baba yuko shimoni, ila hakuambiwa nani aliyemwita. Kwake yeye, baba alivunja ahadi siku ya harusi. Sentensi moja ingetosha: "Mkweo ndiye aliyeniita." Ilikuwa ulimini. Lakini baada ya saa moja binti huyu angekuwa wa nyumba ya Mwenyekiti, angemwamkia kila asubuhi, angemwita baba. Amwingize humo na ugomvi kichwani badala ya shela?

"Kazi ni kazi, mwanangu," alisema. "Nilishindwa kujizuia."

Binti aliyafuta machozi kwa ncha ya kidole, kwa uangalifu, asiharibu wanja. "Wameshaambiwa watu kwamba unaumwa," alisema. "Mwenyekiti amesema ni heshima zaidi. Kaa tu, Baba. Tutaonana."

Kwaya ikaanza. Lile kosa hawakulirudia. Mkewe, ambaye kiti chake kilikuwa mbele na hakikuwa na baba wa kukaa kando yake, akaingia akiwa amenyoosha shingo, kama anayekwenda kutoa ushahidi.

Marashi akarudi nyuma, akasimama chini ya dirisha pamoja na Kimya. Ndani mchungaji alihubiri, na siku hiyo alihubiri vizuri, nani atasema uongo. "Mungu hahitaji chombo cha dhahabu," alisema. "Hata sufuria lililotoboka, akitaka, atalipikia karamu. Huwachukua wale msiowatazama, wale msiowasalimu, akafanya nao mambo makuu. Mmoja yupo jirani yenu sasa hivi na hamjui."

"Anakusema wewe," Kimya alinong'ona.

"Namsikia."

"Basi ingia uitike."

Kisha mchungaji akaomba watu wainamishe vichwa. Baba wa bibi harusi, alisema, amelala kitandani saa hii, mwili hauna nguvu. Bwana, mkono wako umfikie hapo alipolala. Kanisa zima likaunguruma kwa maombi. Wapo waliolia. Sauti iliyopanda juu kuliko zote ilikuwa ya Mwenyekiti.

Marashi alikuwa amesimama wima, tai shingoni.

"Unajisikiaje?" Kimya aliuliza.

Wakati huo mlango wa ubavuni ulifunguka akatoka bibi wa bwana harusi, ajuza mwenye mkongojo na masikio mazito, anakwenda chooni. Huyo alimfahamu, siku ya kutambulishana walikaa ubavu kwa ubavu, na alikuwa mmoja tu wa ukoo ule aliyemkamata mkono kwa mikono miwili.

"Wewe si baba wa mwali?" aliuliza kwa sauti ya kiziwi.

"Ndiye, Mama. Shikamoo."

"Si unaumwa? Tumekuombea sasa hivi, hata amina haijapoa."

Ajuza akamshika paji la uso, akampapasa mashavu. Uso wake ukabadilika.

"Amesimama," alisema. Kisha akageuka, choo amekisahau, akamvuta mkono mpaka mlangoni. "Mchungaji, huyu hapa. Baba wa mwali amesimama. Mungu amemwinua."

Kanisa likalipuka. Waliruka, walipiga vigelegele, wakamzoa, wakampitisha kutoka mkono hadi mkono. Mikono ambayo haijawahi kumsalimu ilimgusa kichwa, ikamgusa suti, ikitafuta baraka. Kwa namna hiyo alifika mbele, pale pale alipojifunza kufika, ila mkono wa binti yake haukuwa mkononi mwake. Binti alikuwa tayari ameketi na mumewe.

Mchungaji alimpa kipaza sauti. "Waambie watu, ndugu yangu. Bwana amekutendea nini?"

Marashi akatazama safu ya mbele. Mwenyekiti, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, alimtazama machoni, viganja vimeshikamana, anaomba kweli sasa. Mkewe alikuwa ameinua kidevu: sema. Binti alitikisa kichwa kidogo ndani ya shela, na baba hakuweza kujua kama alikuwa akisema usiseme, au alikuwa akisema nisamehe.

"Nimepona," alisema.

"Nani amekuponya?"

"Mungu."

Paa likataka kung'oka. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kusimama kupiga makofi. Mchungaji alimwekea Marashi mkono begani, akalishika sana watu waone, kisha akaushusha na kuufuta kwenye joho lake, polepole, kwa mazoea, bila nia mbaya.

Marashi aliuona mkono ule. Akainua uso darini akamwuliza Mungu swali lake, moyoni, kwa heshima zote: leo hii aliyenituma ni wewe au ni Mwenyekiti? Kwaya ikaanza kabla hajapata jibu, na watu wakamzunguka wakicheza.