Mpangaji wa Chumba Namba Tatu

Kila kundi la wachezaji likitoka, mhudumu aliingia Chumba Namba Tatu na karatasi yake ya kupangia. Alirudisha ufunguo ndani ya birika, akafunga kufuli zote nne, akaifuta miwani alama za vidole na kuiweka juu ya redio mbovu. Kipengele cha kumi na nne kilisema: bibi, kitini, uso mlangoni. Akimkuta mama yake ameegemea upande, alimweka sawa, akamfunika shuka mapajani, akatia alama ya vema.

Mama yake alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita, humo humo. Mwenye nyumba alitaka wapangaji wote wahame. Mama peke yake akagoma, basi asubuhi moja akapigiwa kufuli kwa nje. Ilikuja kufunguliwa siku ya tano. Mwenye nyumba akala kiapo mbele ya mpelelezi kwamba alidhani chumba ni kitupu na hakusikia hata kikohozi, naye mpelelezi akamshukuru kwa ushirikiano wake. Kisha mwenye nyumba akapaka kuta rangi ya kijivu, akatundika taa hafifu na kuweka tangazo la mchezo wa kufungiwa chumbani: watu wazima tu, kundi la wanne hadi sita, dakika sitini za kujinasua, waoga wabaki kwao. Vitu vya marehemu aliviacha palepale, maana vilifaa. Marehemu naye akabaki.

Wateja walimpenda. Alitoa vidokezo vitatu kwa kila kundi, si zaidi. "Tazama nyuma ya kalenda, mwanangu," alisema, nao walitazama. Wengine walimvuta mtandio wakicheka. Wakijinasua walitoka zao, yeye asiweze kuvuka kizingiti.

Mhudumu aliomba kazi hii kwa sababu moja tu: alitaka kumsikia yule mwenye nyumba, kwa kinywa chake mwenyewe, akikiri kwamba alisikia. Hakuwahi kumuuliza mama yake habari za siku zile. Aliliogopa jibu. Bwana mwenyewe hakumjua ni binti ya nani, wala hakujisumbua kuuliza. Mhudumu alimchukia tangu anapofungua geti hadi anapolifunga, na katikati alimwamkia kwa adabu zote.

Siku yake ya kuzaliwa, mwenye nyumba alikuja baada ya chakula cha mchana na marafiki watatu, mmoja wao akiwa mpelelezi yule yule.

"Leo nacheza mwenyewe. Ufunge kwelikweli, dada. Sitaki upendeleo."

"Sawa, bosi."

Alifunga, akaenda kukaa mbele ya skrini.

Siku hiyo bibi hakutoa kidokezo. Dakika ya ishirini mlango ukaanza kugongwa kutoka ndani, ingawa hakuna aliyekuwa karibu nao na mikono ya bibi ilikuwa mapajani. Ngo, ngo, ngo. Kimya. Ngo, ngo, ngo.

"Hii nayo nini?" aliuliza mpelelezi.

"Ndivyo alivyokuwa akigonga," alisema mwenye nyumba, huku akichungulia ndani ya birika. "Tatu, anapumzika, tatu tena. Siku ya tatu zikawa mbili mbili."

Mlango ukagongwa mbili. Ukapumzika. Ukagongwa mbili tena.

"Ehee, hivyo hivyo."

Mpelelezi akawaza kidogo, akaishika kufuli ya mwisho, ile ya namba, akazungusha: tatu, tatu, mbili, mbili. Ikafunguka. Wakatoka wakipigiana makofi, dakika kumi na tisa zikiwa zimebaki.

"Hiyo ya kugonga imenikuna," mwenye nyumba alimwambia mhudumu akivaa koti. "Iwepo kwa kila kundi."

"Sawa, bosi."

Kamera ilikuwa imenasa kila neno, na wa kupelekewa maneno hayo, mpelelezi, alikuwa ndiyo kwanza anapiga picha ya ushindi pale mapokezi. Mhudumu aliingia chumbani. Hakugusa birika wala kufuli. Alipiga magoti mbele ya kiti.

"Mama, alikusikia."

"Si alinijibu, mwanangu? Siku ile ile ya kwanza."

"Alikujibu nini?"

"Alisema kesho."

Kundi la saa tisa lilikuwa limeshafika na kuanza kulalamika, kwa hiyo mhudumu aliinuka, akapanga vitu haraka haraka, akawaingiza, akafunga mlango kwa nje.