Niliyemwosha wa Kwanza

Glenys Pascoe alikuja na taulo lake mwenyewe. Alisimama mlangoni pa chumba cha kuoshea maiti, nyuma ya msikiti wetu, viatu vyake vya shambani vimejaa vumbi la ngano, akaniambia, "Sarimah, nimekuja kumwosha mwanangu."

Ndani alikuwa amelala Khairiah, ambaye mama huyu alimzaa akamwita Kerryn. Alisilimu akiwa na miaka ishirini na miwili, akaolewa na Rosli, mchinjaji wa kiwanda cha nyama, mmoja wetu sisi Wamalai tuliohamia mji huu wa wakulima Wazungu kutoka kisiwa chetu kidogo cha mbali. Saratani ilimmaliza kwa miezi mitano. Mama yake hakuwahi kusilimu, na hakuwahi kukosa kutuletea mayai siku ya Idi.

"Haiwezekani, Glenys," nikasema. "Anaoshwa na Waislamu. Dini yetu ndivyo inavyotaka."

"Mimi ndiye niliyemwosha wa kwanza."

"Najua. Pole sana. Kaa garini, nitakuita akishavishwa sanda."

Sina ulimi laini, na miaka ishirini na saba ya kuosha maiti haijanilainisha. Nilishika kitasa nifunge. Haikuwa mara ya kwanza. Miaka tisa nyuma Noreen Tulley alisimama palepale, mwanawe Salma, naye aliyesilimu ukubwani, yuko ndani, nikamwambia maneno hayohayo. Alikaa garini saa nzima, madirisha yamefungwa, na tangu siku ile akiniona dukani hugeuza kitoroli chake.

Glenys hakwenda garini. Aliketi chini kwenye saruji, mwanamke wa miaka sabini, akaweka taulo mapajani. "Kamuulize mkubwa wako," akasema. "Wewe umeshaniambia. Nataka na yeye aniambie."

Nikaenda kwa hasira. Ustadhi wetu, Fauzan, ni mdogo kuliko kitinda mimba wangu, na nilijua atasema nilichosema. Nilimkuta ofisini anajaza karatasi za maziko.

"Ustadhi, mwambie yule mama haifai, tumalize. Watu wanasubiri kuswali."

Akaweka kalamu. "Haifai kwa nini, Mama Sarimah?"

"Si Mwislamu!"

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Bibi yangu, kisiwani. Ameosha watu kabla baba yako hajazaliwa."

"Mungu amrehemu. Na huko kisiwani, alipata kuosha mtu ambaye mama yake hakuwa Mwislamu?"

Nikafikiri. Kisiwani sisi Wamalai tulikuwa Waislamu watupu, mama na mtoto, na wakubwa wa Kizungu walizikana wenyewe. "Hapana," nikasema.

"Basi bibi hakuulizwa." Akashusha kitabu kinene, akatafuta, akaweka kidole kwenye mstari. "Katika madhehebu yetu ya Shafi, maiti hata akioshwa na asiye Mwislamu, josho limetosha. Na huyu ni mama mzazi. Simama naye, umwelekeze. Amwoshe."

"Kitabu hiki kimeandikwa lini?"

"Karne saba zimepita."

"Mbona hukuniambia?"

"Nina miaka mitatu hapa, mama. Hujaniuliza hata siku moja."

Nikakaa. Wala sikuwa nikimfikiria Glenys. Nilikuwa nikimfikiria Noreen ndani ya gari lake.

Tulimwosha pamoja. Nilimwonyesha utaratibu: anza na upande wa kulia, kisha kushoto, na maji ya mwisho yawe na kafuri. Glenys alitumbukiza kiwiko ndooni kwanza, kama anayepima maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. "Ongeza ya moto," akaniambia. "Huyu hapendi baridi." Nikaongeza. Alipofika kwenye goti akasimamisha kitambaa juu ya kovu. "Hili ni waya wa ua wa kondoo. Alikuwa na miaka sita. Alikataa kulia mpaka baba yake alipotoka nje."

Nimeosha wanawake wapatao hamsini, na sijawahi kujua kovu la mtu lilitoka wapi. Mimi ninayewakataza wenzangu kulia mle ndani nililia mpaka pua ikaziba. Glenys alimkausha mwanawe kwa lile taulo, polepole, kidole kimoja kimoja. Kisha tukamvisha sanda.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa Noreen, nyuma ya maghala ya ngano. Alikuja mpaka kwenye mlango wa wavu, asiufungue.

"Unataka nini?"

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani, yote yakanipotea. "Nimekuja kukuomba radhi. Siku ile nilikwambia dini yetu haikuruhusu kumwosha Salma. Si kweli. Ilikuruhusu. Sikumuuliza mtu, nikakufungia mlango kwa uamuzi wangu mwenyewe."

Mbwa wake alininusa kupitia wavu, akachoka, akaenda kulala.

"Miaka tisa," akasema Noreen, "nimeichukia dini yenu nzima. Kumbe ilikuwa wewe tu."

"Ilikuwa mimi."

Nilidhani atanifungia, na ilikuwa haki yake. Nikageuka niondoke, nikasikia komeo. Alikuwa ameufungua mlango.

"Alikuwa na alama begani," akasema. "Uliiona?"

"Niliiona. Bega la kushoto."

Akanitangulia jikoni, akavuta viti viwili, akakaa kwenye kimoja.

"Kaa," akasema. "Niambie ulivyomwosha. Tangu mwanzo, na usiruke kitu."

Nikakaa. Nikaanza na mkono wake wa kulia.