Dirisha la Chumba cha Nyuma

Gaudensia alipoinua godoro asubuhi, upande wa ukutani ulikuwa umeota ukungu mweusi tena, hadi pale mwanawe Jeska anapolaza kichwa. Alisugua kwa jiki mpaka vidole vikamchonyota. Mtoto alikaa mlangoni, mabega yakipanda na kushuka, anaitafuta pumzi. Kwenye zahanati walishamwambia mama yake kwamba dawa peke yake haitoshi. Mtoto alale pakavu, penye hewa.

Palikuwa pakavu kabla Mzee Keraryo, mwenye nyumba, hajaanza kujenga fremu za maduka kukizunguka kiwanja chake pale Nyakato. Ukuta wa fremu ya kwanza ulisimama nusu shubiri kutoka kwenye dirisha pekee la Gaudensia, na masika yalipoanza, maji ya bati yakawa yanamwagikia katika uwazi ule na kunywewa na chumba chake.

Alikwenda kulalamika kwa bwana afya. Akaja kweli, ila alipitia kwanza sebuleni kwa Mzee Keraryo, akatoka huko anachokonoa meno, ananukia sato wa kukaanga. Alisimama kizingitini, asiingie.

"Mama, unafunguaga dirisha?"

Gaudensia alilivuta tu. Matofali ya fremu yalikuwa pale pale puani, yamelowa, yameota ukijani.

Bwana afya aliyatazama, akamtazama mwenye nyumba, kisha akahamishia macho kwenye karai la dagaa wa biashara lililokuwa pembeni.

"Hawa dagaa ndio wanaletaga unyevu. Ukungu ni uchafu, mama. Ukiwa msafi hauoti. Anika vitu vyako, fungua dirisha, hewa ipite."

Hewa gani, ipite wapi, hakusema. Aliaga kwa heshima zote na kwenda zake, na Gaudensia akabaki ameshika dirisha.

Jioni Mzee Keraryo alimwita. Alijua anafukuzwa. Kumbe mzee alikuwa na sauti ya upole: chumba cha mbele kiko wazi, kile chenye dirisha la barabarani, na bei ni ile ile. Amchukue mtoto ahamie. Cha nyuma kitapakwa chokaa, maana kuna mpangaji anakuja kukiangalia.

"Akikuuliza, umjibu vizuri," alisema. "La sivyo cha mbele nampa mwingine, na wewe urudi kwenu Suguti na kikohozi chenu."

Mpangaji aliyekuja kesho yake mchana alikuwa mwanamke kutoka Butiama, jina lake Dorkas, mimba imeshakuwa kubwa, anatembea amejishika kiuno. Chumba cha nyuma, vitu vya Gaudensia vikiwa vimeshatolewa uani, kilikuwa cheupe kama kanzu ya padri. Mbele ya dirisha lilining'inia pazia jipya la maua. Dorkas alilipapasa lile pazia, akalisifu, wala hakulifunua. Uani Jeska alikohoa.

"Dada, si wewe ulikuwaga humu? Hakuna shida yoyote?"

Mzee Keraryo alikuwa nyuma yake, anazungusha funguo kidoleni.

Gaudensia aliutazama mkono wa Dorkas uliokuwa sasa juu ya tumbo. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Kisha akamsikiliza mwanawe, kikohozi kile kisichokatika.

"Hakuna shida," alisema. "Ukiwa msafi, hakuna."

Dorkas akacheka kwa furaha. Usafi, alisema, ndiyo sifa yake kubwa.

Gaudensia alihama siku ile ile. Alipofungua dirisha la chumba cha mbele, jua liliingia mpaka godoroni, na upepo wa ziwani ukafuata. Alikaa chini akavuta pumzi, amechoka, anajichukia, na bado anafurahi. Jeska alipanda juu ya godoro akachungulia nje.

"Mama, yule anafunga kamba ya nini?"

Akasimama kuangalia. Chini ya dirisha fundi alikuwa amechomeka vigingi viwili na anavuta kamba ya msingi wa fremu kati yake. Mzee Keraryo alisimama kando, mikono nyuma, anamwelekeza aisogeze karibu zaidi na ukuta.