Kichwa kwa Kichwa

Boksi la kwanza nililikunja palepale kwenye kizingiti cha Mzee Selemani, mchapaji, mjini Mbulu. Nikafunua mfuniko, na maneno ya ndani yakanitazama kichwa chini miguu juu. Nikakunja la pili. Nikakunja la kumi. Yote mia tatu yalikuwa hivyo: nje, jina la kikundi chetu limekaa vizuri, ndani, maelezo yamepinduka. Nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu kosa lilikuwa langu, na Mzee Selemani alikuwa muungwana kiasi cha kutolisema.

Mama yangu, Bernadina, alikuwa mjane, mkazi wa kijiji cha Bashay. Baba alimwachia mizinga ya nyuki, naye akawakusanya wanawake saba wakaanza kutengeneza mishumaa minene ya nta. Mafuta ya taa yalikuwa adimu miaka ile. Kule Hanang, mashine za kuvuna ngano ya serikali zilikuwa na taa kubwa mbele, na sisi tukimaliza kula tulilala, basi. Mzigo wetu wa kwanza tuliupeleka Arusha, kwenye duka la Sista Zita. Ukarudi. Nusu ilikuwa imevunjika njiani, na iliyobaki wateja walisema inalia: utambi unazama, nta inamwagika mezani.

Nta haikuwa na kosa lolote. Mshumaa mnene ukiuwasha mara ya kwanza, usiuzime mpaka nta iyeyuke hadi ukingoni. Sisi tulijua, wa Arusha hawakujua. Tukajaribu kutia vikaratasi, vikatupwa. Sista Zita akaandika kwamba atatupokea mara moja tu tena, kabla ya Noeli, la sivyo nafasi ile atawapa wengine. Wanawake wakaanza kusema "mishumaa ya Bernadina", wakati zamani walisema "mishumaa yetu", na Mama akaacha kukaa nao baada ya misa. Hilo liliniuma kuliko yote. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikamwambia aniachie mimi.

Nilitaka kitu kimoja: boksi la karatasi nene, lisilopondeka njiani, lililochapwa nje na ndani, ili maelezo yakae kwenye mfuniko wenyewe na yasitupike. Nilizunguka Arusha siku tatu. Mchapaji wa kwanza hakuchapa chini ya maboksi elfu tano. Wa pili alisema karatasi nene ingekwamisha mashine yake. Wa tatu alikubali unene, akakubali uchache, ila upande mmoja tu, na akaniuliza kwani nani anasoma ndani ya boksi. Nikamwambia ni mtu ambaye mshumaa wake unalia. Hakunielewa, nami sikungoja anielewe.

Siku ya nne nilirudi Mbulu, na kumbe mtu niliyemtafuta alikuwa nyuma ya soko. Mzee Selemani alichapa kadi za harusi kwa mashine ya kukanyaga kwa mguu, akiilisha karatasi mojamoja kwa mkono. Nikamwamkia shikamoo, nikaeleza haja yangu. Akasema unene haumtishi, uchache ndio kazi yake, upande wa pili ni suala la kugeuza tu. Karatasi nene ndiyo hana.

Karatasi niliipata kwenye shamba lile la ngano la serikali, upande wa Hirbadaw. Vipuri vya matrekta vilikuja vimetenganishwa kwa makaratasi magumu, meupe pande zote, yakifika yanachomwa. Nilikwenda mara tatu kumwomba Marko, mtunza stoo. Mara ya tatu akachoka na uso wangu, akaniandikia kibali cha kutoa getini makaratasi ya maboksi mia tatu kamili. Yakiharibika, hakuna mengine.

Mzee Selemani alipoyapokea, aliniuliza swali moja.

"Binti, maneno ya ndani nikuwekee kichwa kwa kichwa na ya nje, au kichwa kwa mguu?"

"Kichwa kwa kichwa, mzee. Kama kitabu."

"Kitabu hakina mfuniko," akasema.

Nikamjibu kwamba mimi nimesoma, najua ninachokitaka. Sikio la kufa halisikii dawa. Akaniangalia, akakanyaga mashine yake.

Basi nikapeleka aibu yangu Bashay, nikaimwaga mbele ya Mama, nikalia. Hakunipigia kelele. Alichukua boksi, akaligeuza mikononi, kisha akauliza maneno yamepinduka kwa nani. Nikasema kwa anayefungua, Mama, kwa nani tena? Akaliweka mezani, akaulaza mfuniko hadi ukagusa meza, akaniambia nihamie kiti cha mbele yake nisome. Nikahama. Maneno yakasimama wima.

Wiki iliyofuata alikwenda Arusha mwenyewe. Mshumaa hata mmoja haukuvunjika njiani. Mama akaweka boksi juu ya kaunta ya Sista Zita, akalifungua akiwa upande wake, akalaza mfuniko kuelekea kwa Sista.

"Nisomee, Sista," akasema. "Mimi sijui kusoma."

Sista akasoma kwa sauti, neno kwa neno. Mama akawasha mshumaa, akavuta kigoda, akakaa. Wakangoja wote, na wateja wawili wakangoja nao, mpaka nta ikayeyuka ikafika ukingoni bila kumwaga tone. Sista akanunua mishumaa yote, akaagiza mingine kwa ajili ya Pasaka. Jumapili ile Mama alikaa na wenzake baada ya misa hadi jua likawa kali, na nikasikia mmoja akisema "mishumaa yetu".

Marko akatupatia tena makaratasi. Mzee Selemani akaniuliza swali lilelile, safari hii akitabasamu. Nikafungua mdomo kusema kichwa kwa mguu, kama alivyonidokezea. Mama akanitangulia, akamwambia mzee, "Vilevile, baba, usibadilishe kitu."

Mama ametutoka miaka mingi sasa. Ninalo boksi moja, limebadilika rangi kidogo. Siku nikitaka kulisoma naliweka mezani mbele ya kiti chake, naulaza mfuniko, halafu nazunguka meza, nakaa upande wa pili.